Jiji la Dar es Salaam Linawajibika kwa Nani?

Mwaka 1991 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilisimama mbele ya Mahakama Kuu kuomba iongezewe muda wa kumwaga taka Tabata. Wakazi wa eneo hilo walikuwa wameishitaki mwaka 1988, wakiwa wamechoshwa na moshi wa taka zinazoungua, uvundo, nzi na maradhi. Mahakama ilikwisha kuwapa haki yao: halmashauri iache kutupa taka pale na itafute mahali pasipodhuru watu. Halmashauri haikufanya hivyo. Iliomba muda ikapewa, ikarudi kuomba tena. Safari hiyo ombi likaangukia mikononi mwa Jaji Lugakingira, naye akalikataa. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma, au hata mtu binafsi, ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaikumbusha ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi.

Wanasheria huitaja hukumu hiyo kila wanapofundisha haki ya mazingira safi, na wana sababu. Lakini kwa anayetaka kuielewa Dar es Salaam, yaliyofuata yana uzito zaidi. Dampo la Tabata lilifungwa na malori yakahamia Vingunguti. Baada ya Vingunguti yakahamia Mtoni, na baada ya Mtoni yakaenda Pugu Kinyamwezi. Vingunguti kulikuwa na watu. Mtoni kulikuwa na watu. Mahakama iliweza kufunga dampo moja. Haikuwa kazi yake kuhakikisha kwamba wakazi wa mtaa unaofuata wanaulizwa kabla lori la kwanza halijaingia kwao. Kazi hiyo ilikuwa ya madiwani na watendaji wa jiji, yaani wale wale waliokuwa wameshitakiwa.

Swali langu linaanzia hapo. Mkazi wa Dar es Salaam anapodhulumiwa na jiji lake, anamwendea nani, na huyo anayemwendea anamwogopa nani? Jibu ninaloliona katika historia ya zaidi ya miaka 60 ni kwamba uongozi wa jiji hili umejengwa utazame juu. Umevunjwa, umegawanywa na umebadilishwa jina mara nyingi, na kila mara aliyefanya hivyo alikuwa serikali kuu. Wakazi hawajapata kuuondoa kwa kura zao wala kukabidhiwa hesabu zake wazisome wenyewe. Uzembe na ufujaji tunaoulalamikia kila masika ni matunda ya mpangilio huo. Kubadilisha watu pekee hakutauondoa.

Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru. Meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule yule aliyetuachia kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Haukupita muda mrefu halmashauri zikafutwa. Sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 iliweka mambo ya miji na wilaya mikononi mwa maofisa wa serikali kuu, na Dar es Salaam ikagawanywa katika wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Lengo lililotangazwa lilikuwa jema: kuwasogezea wananchi madaraka. Kilichotokea mijini ni kwamba hakukuwa tena na chombo ambacho kazi yake ya kila siku ni mtaro, taka na barabara ya mtaa. Huduma zilianguka, kipindupindu kikaua watu, na mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ni ungamo kubwa kutoka kwa kiongozi mkubwa, na ninasikitika kuona jinsi waliomfuata walivyolisoma kidogo.

Halmashauri iliyorudi ilikuwa na majukumu mengi na fedha chache. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inazoa sehemu ndogo mno ya taka za jiji, barabara za ndani zilikuwa mashimo matupu, na jina la halmashauri lilikuwa dhihaka vijiweni. Mwaka 1996 serikali ikalivunja baraza la madiwani na kuteua Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Nitakuwa mwizi wa fadhila nikisema Tume ile haikufanya kazi. Ilikusanya mapato kuliko baraza lililotangulia, ilitengeneza barabara na ilikabidhi makampuni na vikundi vya mitaa kazi ya kuzoa taka. Wazee wengi wa jiji bado wanaitaja kama kipindi kizuri, na wapo wanaotamani irudi.

Sifa hizo zinastahili kuchunguzwa. Tume ilifanikiwa kwa sababu ilikuwa na kitu ambacho baraza halikuwa nacho: sikio la serikali kuu, muda maalumu na ruhusa ya kuamua. Mambo hayo yote angeweza kupewa pia meya aliyechaguliwa. Na ilipomaliza muda wake mwaka 2000, haikuacha nyuma wakazi wenye nguvu zaidi ya kuwahoji watawala wao. Iliacha manispaa tatu na, juu yake, Halmashauri ya Jiji iliyokuwa na meya na mkurugenzi wake lakini isiyokuwa na eneo lake. Kila kata ilikuwa tayari chini ya manispaa fulani. Jiji likabakiwa na dampo, kituo cha mabasi cha Ubungo, vitegauchumi vichache na kazi ya kuratibu.

Muundo huo ulikuwa na kasoro ambayo mtu yeyote angeiona. Mwaka 2016 zikaongezwa manispaa mbili, Ubungo na Kigamboni. Mwaka huo huo uchaguzi wa meya wa jiji uliahirishwa mara kadhaa kwa mabishano ya nani ana haki ya kupiga kura, hadi Machi, ndipo Isaya Mwita wa CHADEMA akachaguliwa. Januari 2020 akaondolewa. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji yenyewe, kwa hoja kwamba haina eneo lake la utawala, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Lakini angalia utaratibu. Chombo kilichosimamia mali za wakazi wa jiji zima kilifutwa kwa tamko, na mkazi wa Temeke au Kigamboni, ambaye kwa miaka 20 alikuwa mmiliki mwenza wa mali zile, hakuulizwa lolote. Leo mtu wa Mbagala anaishi katika mkoa wa Dar es Salaam bila kuwa ndani ya Jiji la Dar es Salaam, na hakuna meya anayeweza kusimama na kusema anawasemea watu 5,383,728 waliohesabiwa katika mkoa huu kwenye sensa ya 2022.

Tatizo la msingi liko kwenye kiti cha mkurugenzi. Madiwani wanachaguliwa na wakazi, na madiwani wanamchagua meya kutoka miongoni mwao. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Yeye ndiye katibu wa baraza, ndiye afisa masuuli, na bila yeye hakuna fedha inayotoka. Wakuu wa idara nao wanaweza kuhamishwa kwa barua kutoka juu. Diwani anaweza kugonga meza kikaoni mpaka ikapasuka. Anayemwajiri, anayemhamisha na anayempandisha cheo mtendaji yuko mbali na ukumbi ule. Mtendaji mwenye akili timamu atamsikiliza nani? Sioni haja ya kumlaumu binafsi. Amewekwa mahali ambapo kumridhisha mkuu wa mkoa kuna faida kwake, na kumridhisha mama anayeuza maandazi Manzese hakuna.

Adhabu nayo inafuata mkondo huo huo. Mkurugenzi anapokutwa na madudu, mara nyingi anahamishwa kituo, au uteuzi wake unatenguliwa kwenye mkutano wa hadhara huku umati ukishangilia. Watu wanaridhika kwa jioni moja. Fedha hazijarudi, mkataba mbovu unaendelea, na mrithi anaanza upya akidai mambo hayo aliyakuta. Kutengua uteuzi kunaonekana kama uwajibikaji, lakini kunampa aliyeteua nafasi ya kujitenga na mtu aliyemteua mwenyewe.

Mfano ninaourudia kila mara kwa vijana ni Machinga Complex pale Karume. Wazo lilikuwa la kuwaondoa wamachinga barabarani kwa kuwapa mahali pa heshima. Jiji likakopa kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, zaidi ya shilingi bilioni 10, majengo ya ghorofa yakapanda, yenye nafasi ya wafanyabiashara zaidi ya 4,000, na mwaka 2010 yakawa tayari. Kisha vizimba vikabaki vitupu. Waliopewa waliingia, wakakaa siku chache bila mteja, wakarudi Kariakoo kando ya barabara. Viongozi walisema wamachinga ni wakaidi.

Hawakuwa wakaidi. Walikuwa wanaijua biashara yao kuliko waliochora ramani. Mmachinga haishi kwa mteja aliyekusudia kununua. Anaishi kwa mpita njia. Mtu anashuka kwenye daladala, anaona soksi au chaja, ananunua, anaendelea. Hakuna mpita njia anayepanda ghorofa ya tatu. Jambo hilo angelijibu mwuza mitumba yeyote pale Karume kwa dakika moja, kama kungekuwa na utaratibu wa kumwuliza na uzito wa kulichukua jibu lake. Wakati vizimba vikiwa vitupu, riba haikusimama. Deni likakua hadi zaidi ya mara mbili ya mkopo wenyewe, na likawa mada ya kudumu katika vikao, huku jengo likivuja thamani. Oktoba 2021 wamachinga wakaondolewa tena barabarani kwa amri, na Januari 2022 soko la Karume lililo jirani likaungua moto. Familia nyingi zilipoteza mtaji wote usiku mmoja.

Sasa tafuta wa kumwuliza kuhusu mkopo ule. Halmashauri iliyokopa imevunjwa. Madiwani walioridhia wametawanyika, na wakurugenzi waliosimamia wamepita kadhaa. Fedha iliyokopeshwa ilikuwa michango ya wafanyakazi kwa ajili ya uzeeni. Mhusika kwenye karatasi ni Jiji jipya la Ilala, ambalo linaweza kusema kwa haki kwamba halikuamua lolote. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Hapa daftari lipo, ila mwenye kuandika ndani yake amefutwa kisheria.

Hadithi ya UDA ni fupi zaidi lakini inauma vilevile. Shirika la usafiri la jiji lilikuwa mali ya Halmashauri ya Jiji kwa asilimia 51 na Hazina kwa asilimia 49. Mwaka 2011 uuzaji wa hisa zake kwa mwekezaji binafsi ulizua vumbi bungeni na katika baraza, na mabishano ya bei, ya idhini na ya mahali fedha zilipopaswa kwenda yaliendelea kwa miaka. Nauliza jambo moja tu. Mali ya umma yenye yadi na viwanja katikati ya jiji inauzwaje bila wenye mali kutangaziwa masharti ya mauzo kabla ya sahihi kuwekwa?

Mtu anaweza kusema basi tatizo ni madiwani wala rushwa, tuwape kazi wataalamu. Na kweli kazi nyingi zimekwisha hamishwa kwa wataalamu. Barabara za mitaa ziko TARURA tangu 2017. Barabara kuu ziko TANROADS. Maji safi na majitaka ni ya DAWASA. Mabasi ya mwendokasi yana wakala wake, DART, na daladala zinapewa leseni na LATRA. Uzoaji taka umebaki kwa halmashauri na wazabuni wake. Kila chombo kina sababu yake ya kuwepo, na baadhi vinafanya kazi nzuri kuliko halmashauri ilivyokuwa ikifanya.

Lakini chukua mtaro mmoja ulioziba Mwananyamala. Mtaro wenyewe ni wa barabara, kwa hiyo ni wa TARURA. Taka zilizouziba ni za halmashauri, kwa sababu gari la taka halikupita wiki mbili. Maji machafu yanayotiririka ndani yake yanatoka kwenye vyoo visivyounganishwa na mfumo wa majitaka, na hilo litapelekwa DAWASA. Nyumba iliyojengwa juu ya mkondo ilipata kibali mahali fulani, au haikupata na hakuna aliyeibomoa. Mwenyekiti wa mtaa, mtu pekee ambaye mkazi anamfahamu kwa sura, hana bajeti wala amri juu ya yeyote kati yao. Maji yakiingia ndani, kila ofisi itaonyesha barua iliyoiandikia ofisi nyingine. Na barua zote zitakuwa sahihi.

Hasara kubwa ya mfumo huu tuliiona Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 na maelfu ya wakazi wa bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande. Serikali ilisema, na ilikuwa kweli, kwamba bondeni si mahali pa kuishi. Miaka michache baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa Jangwani, katika bonde lile lile, na mabasi yakaanza kuzama kila masika. Mwananchi alihamishwa kwa nguvu ya sheria, na chombo cha umma kikajenga palepale. Jiji lenye mamlaka moja inayosimamia mipango ya ardhi yake lingeuzuia mchoro ule mezani.

Fedha nazo zimefuata njia ya kupanda juu. Kodi ya majengo ndiyo chanzo cha asili cha mapato ya mji popote duniani, kwa sababu nyumba haihami na mwenye nyumba anaona anachopata: barabara, taa, mtaro. Hapa kwetu kodi hiyo imehamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, ikarudishwa, na mwaka 2016 ikachukuliwa tena nchi nzima. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Ukusanyaji umerahisishwa, sikatai. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Tandale, asiyemiliki hata tofali, ndiye anayelipa kodi ya nyumba kila akinunua umeme, na hakuna dirisha ambapo anaweza kwenda na risiti yake kudai taa ya mtaani. Kodi na huduma zimetenganishwa kiasi kwamba mlipaji hajui kama amelipa wala amemlipa nani. Mtu asiyejua kwamba amelipa hana ujasiri wa kudai.

Yapo macho ya ukaguzi, nayo yanafanya kazi. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti juu ya serikali za mitaa, na kamati ya Bunge ya LAAC huwaita wakurugenzi kuwahoji. Bila ripoti hizo tusingejua kwamba mapato yaliyokusanywa kwa mashine za POS hayafiki yote benki, wala kwamba mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilitolewa kwa vikundi vingi visivyoirejesha, vingine vikiwa hewa. Aprili 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa nchini kote, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vya akina mama vilivyokuwa vikirejesha kwa uaminifu vilikaa zaidi ya mwaka bila mkopo kwa makosa ya watu wengine.

Hapa kuna jambo ambalo wakazi wengi wanadanganyika nalo, na wanasiasa hawana haraka ya kulifafanua. Halmashauri inapotangaza kwa mabango kwamba imepata hati safi, wengi wanaelewa kwamba fedha zimetumika vizuri. Hati safi inasema hesabu zimeandikwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi ya mambo. Halmashauri inaweza kununua gari la taka kwa bei ghali, likaharibika miezi sita baadaye, likalala yadi, na bado ikapata hati safi kwa sababu manunuzi, uchakavu na hasara viliandikwa inavyotakiwa. Thamani ya fedha hukaguliwa kwa namna nyingine, na hoja zake hujibiwa na wakurugenzi bungeni Dodoma. Hazisomwi ofisi ya kata Buguruni.

Kuna sehemu moja ambapo uzembe wa vibali hupimwa kwa maiti. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36; ilibainika lilikuwa na ghorofa nyingi kuliko zilizoruhusiwa. Ghorofa za ziada hazijengwi usiku mmoja. Zilipanda moja moja, katikati ya jiji, mwendo mfupi kutoka ofisi za waliotoa kibali. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wao wafanyabiashara na wateja wao, na Waziri Mkuu akaunda kamati ya kuchunguza majengo ya eneo zima. Miaka 11 iko kati ya matukio hayo mawili. Ilitosha kukagua kila ghorofa la Kariakoo zaidi ya mara moja.

Majirani wanatusaidia kuona kwamba hakuna dawa ya mkato. Nairobi nayo iliwahi kutawaliwa na Tume, kuanzia 1983 hadi 1992. Katiba ya 2010 iliwapa wakazi gavana wa kuchaguliwa moja kwa moja, jambo ambalo sisi hatuna. Hata hivyo Februari 2020 gavana Mike Sonko alitia sahihi kuikabidhi serikali kuu kazi muhimu za kaunti, jenerali wa jeshi akapewa kuziongoza, na Desemba mwaka huo wawakilishi wa wadi wakapiga kura ya kumwondoa Sonko madarakani, na Seneti ikaithibitisha. Madeni ambayo kaunti hiyo haijawalipa wakandarasi na watoa huduma yamekuwa kwa miaka makubwa kuliko ya kaunti nyingine yoyote Kenya. Kura peke yake haikutosha. Lakini Mnairobi ana kitu: anajua deni ni kiasi gani, kwa sababu Msimamizi wa Bajeti analitangaza, na anamjua kwa jina mtu wa kumnyima kura.

Kampala ilikwenda njia inayofanana zaidi na yetu. Sheria ya 2010 iliunda mamlaka ya jiji, KCCA, yenye mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais, huku Meya mkuu aliyechaguliwa na watu, Erias Lukwago, akivutana naye miaka nenda rudi. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa dampo la Kiteezi uliporomoka juu ya nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Mwezi uliofuata Rais Museveni akamfukuza mkurugenzi mtendaji, Dorothy Kisaka. Tuliyemteua tumemwondoa, mambo yamekwisha: ndiyo picha ile ile tunayoiona kwetu. Na kila nikifikiria Kiteezi nafikiria Pugu Kinyamwezi, dampo moja linalopokea taka za jiji zima, kutoka Bunju hadi Chamazi. Natamani kila diwani wa mkoa huu aende akasimame pale mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, kabla hajapitisha bajeti.

Wakati huo wote wakazi wametumia silaha waliyo nayo, ambayo ni kicheko. Watu wamepanda migomba kwenye mashimo ya barabara. Wachora katuni, kuanzia Masoud Kipanya hadi Gado aliyevuka mpaka kwenda kuchorea Nairobi, wametufunza kuwatazama wakubwa bila woga. Ninawaheshimu sana, kwa sababu katika miaka ambayo baraza lilikuwa kimya kalamu zao zilisema. Lakini kejeli ina mpaka wake hapa. Inamhitaji mtu wa kumlenga, na uongozi wa jiji umepangwa kiasi kwamba mtu huyo hana sura. Tunamcheka "jiji", tunamtukana mgambo aliyelipiga teke karai la ndizi, na mgambo yule analipwa kidogo na ametumwa. Aliyeidhinisha bajeti ya mgambo badala ya bajeti ya vyoo vya soko hajawahi kuchorwa.

Ushindani wa kisiasa ungeweza kumpa mtu huyo sura. Baada ya 2015 mabaraza kadhaa ya Dar es Salaam yalikuwa na wajumbe wa vyama tofauti, na kelele za vikaoni zilifika magazetini. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 upinzani ulisusia, na uchaguzi wa madiwani wa 2020 ukaacha mabaraza yakiwa karibu yote ya chama kimoja. Sisemi madiwani wa chama kimoja hawawezi kuhoji. Nasema diwani anayejua kwamba jina lake litapitishwa au kukatwa na vikao vya chama atahoji kwa kipimo, na kipimo hicho hakiwekwi na wapiga kura wake.

Marekebisho ninayoyaona yanahitajika si mengi. Mkurugenzi aombe kazi, ahojiwe na kuthibitishwa na baraza, na baraza liwe na uwezo wa kumwondoa kwa sababu zilizoandikwa. Mkoa mzima uwe na meya mmoja wa kuchaguliwa na wakazi wenyewe, mwenye kauli juu ya dampo, mitaro, usafiri na mipango ya ardhi, na TARURA na wenzake waripoti mbele yake. Kodi ya majengo irudi mahali nyumba ilipo. Na isiruhusiwe tena halmashauri yoyote kuvunjwa kabla hesabu zake za mwisho, mikopo yake na orodha ya mali zake hazijakaguliwa na kubandikwa hadharani. Hili la mwisho halihitaji hata Katiba mpya. Linahitaji kifungu kimoja cha sheria.

Watasema wakazi hawana habari na mambo haya, wanataka barabara tu. Tabata inawajibu. Watu wa kawaida, bila fedha za kigeni wala mwanasiasa mgongoni, waliipeleka halmashauri mahakamani na wakashinda, katika zama za chama kimoja. Waliweza kwa sababu walikuwa na ushahidi na walijua jina la aliyekuwa akiwadhuru. Kwa hiyo ndugu msomaji, iwe uko Kimara, Mbagala, Kigamboni au Gongo la Mboto, mkutano wa mtaa wenu utakapoitishwa, nenda. Uliza mapato na matumizi ya mtaa na ya kata kwa maandishi, uliza nani alipewa zabuni ya taka na kwa bei gani, na jibu lisipotolewa, waandikieni mkurugenzi barua mkiwa wengi, nakala kwa diwani, na mbaki na nakala yenu yenye mhuri wa kupokelewa.